Tathmini: Kupeleka Msimbo LibreOffice Ukiwa Mbeya

Kwa mtu anayetaka msimbo wake upokelewe katika programu huria inayotumiwa na watu wengi, mradi wa LibreOffice, programu za ofisi za kuandikia nyaraka na kupangia hesabu, uliojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, ndio ninaoupendekeza kwanza. Ninasema hivyo baada ya kuufanyia kazi nikiwa nyumbani Uyole, hapa Mbeya, kwa kompyuta mpakato ya kawaida na bando la simu.

Awali nilipeleka rekebisho katika mradi mwingine, nikasubiri miezi 5 bila kujibiwa hata neno moja, kisha likafungwa. Katika LibreOffice masharti yameandikwa wazi. Kazi za wageni, ziitwazo EasyHacks, zimepangwa kwa kiwango cha ugumu, nami nilichagua kuandika jaribio, yaani msimbo mfupi wa kukagua kwamba kosa lililokwisha kurekebishwa katika Calc, programu ya lahajedwali ya LibreOffice, halirudi. Kwanza unatoa tamko la leseni, ukikubali kazi yako itolewe chini ya leseni mbili huria, MPLv2 na LGPLv3+. Hakimiliki inabaki yako, jambo ninaloliona kuwa heshima kubwa kwa anayejitolea.

Badiliko hupelekwa kupitia Gerrit, tovuti ambapo wahakiki husoma msimbo kabla haujaingizwa, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Jaribio langu lilikuwa na mistari 18, lakini katika faili hilohilo nilinyoosha pia nafasi katika mistari ya jirani, nikidhani ninasaidia. Mhakiki aliniomba niondoe unyooshaji huo wote, kwa kuwa badiliko moja linapaswa kubeba jambo moja, ili atakayetafuta chanzo cha kosa miaka ijayo asipotezwe na mistari isiyohusika. Niliporekebisha, nilifuta bila kujua mstari wa Change-Id, yaani kitambulisho cha badiliko, ulio mwishoni mwa maelezo yake, na Gerrit ikalichukulia kuwa badiliko jipya badala ya toleo la pili la lile la kwanza. Mhakiki yuleyule alinielekeza kwa upole niurudishe mstari ule kama ulivyokuwa, herufi kwa herufi. Jenkins, mfumo unaojenga na kujaribu msimbo wenyewe, ikajenga programu kwa Linux, Windows na macOS, alama zikawa za kijani kuonyesha hakuna kilichoharibika, na jaribio likaingizwa.

Anayeanza ajue kwamba mzigo ni mkubwa. Msimbo wote unazidi gigabaiti 1, na ujenzi wa kwanza, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayofanya kazi, huchukua saa nyingi katika kompyuta ndogo. Mimi niliupakua usiku. Umeme ulipokatika, Git, zana ya kupakua msimbo na kutunza matoleo yake, haikuendelea pale ilipoishia, ikabidi nianze upya na bando likaisha. Ni afadhali kupakua mahali penye intaneti ya uhakika, kama maabara ya chuo. Lugha ya programu ya C++ unapaswa kuifahamu, ingawa kwa majaribio kama langu kusoma kwa makini yale yaliyokwisha kuandikwa kunasaidia kuliko ujuzi mwingi.

Maelezo ya badiliko yaanze na namba ya kosa, ikitanguliwa na alama tdf#, kisha yaeleze sababu kabla ya namna. Ndivyo nilivyoyaandika ya jaribio langu la pili, ambalo sasa linasubiri kuhakikiwa.