Chupa ya Dukani na Barua ya Ushauri: Tiba za Enzi ya Malkia Victoria

Mgonjwa wa Marekani asiyemudu daktari, au asiyemwamini, alikuwa na njia mbili: kununua dawa ya chupa dukani bila cheti, au kumwandikia mshauri wa mbali na kungoja jibu kwa posta.

Mfano wa njia ya kwanza ni Mrs. Winslow's Soothing Syrup, sharubati ya kutuliza iliyoanza kuuzwa mwaka 1849 kwa ajili ya watoto wanaoota meno. Mama alimpa mtoto kijiko kimoja, kilio kikakoma, naye akashukuru, asijue kwamba ndani mlikuwa na mofini, dawa kali ya usingizi itokanayo na afyuni, na kwamba wapo watoto waliolala wasiamke tena.

Barua ilikuwa na utu zaidi. Lydia Pinkham wa Lynn, Massachusetts, aliyeanza kuuza dawa yake ya mitishamba mwaka 1875, aliwaalika wanawake wamwandikie yale waliyoona haya kumweleza daktari mwanamume, nao wakajibiwa kuhusu chakula, usafi na mazoezi, ushauri ambao mwingi ulifaa. Hata hivyo walihimizwa pia kununua chupa yake, yenye kileo cha asilimia 18 hivi. Tena Pinkham alifariki mwaka 1883, lakini matangazo yakaendelea kuwaalika wanawake wamwandikie Bi. Pinkham, hadi gazeti la Ladies' Home Journal lilipochapisha picha ya kaburi lake mwaka 1905.

Kwangu mimi, sharubati ile ilikuwa hatari kubwa zaidi kwa mwili, ila barua ndiyo inayoniuma, kwa kuwa waliodanganywa walikuwa wamefungua mioyo yao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ililazimisha mofini na kileo vitajwe kwenye lebo. Kuhusu barua haikusema neno.