Priampu isiyotumia stima: inafaa sebule ya Kisumu?

Priampu ni kifaa cha kuchagua chombo na kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Ndani ya kijisanduku hiki kisichotumia stima mna potenshometa (kitufe cha kuzungusha cha sauti) ya kiloomu 10 na swichi ya kuchagua chombo, basi. Hakina plagi, kwa hiyo stima ya kupotea-potea haikihusu. Pleya ya CD ikitoa volti 2 na amplifaya ikihitaji kama volti 1 kufikia nguvu zake zote, kinatosha kabisa; kununua priampu ya stima hapo ni kununua kelele.

Shida iko kwenye waya wa kutoka kijisanduku hadi amplifaya. Ukipunguza sauti kwa desibeli 6, ukinzani wa kutokea (unaokutana na waya huo) hufika kiloomu 2.5, na mita 5 za waya wa pikofaradi 100 kwa mita (kipimo cha chaji ambayo waya hushika) hazina neno. Lakini ukiuziwa cha kiloomu 100, ukinzani huwa kiloomu 25, na waya uleule unaanza kumeza sauti nyembamba karibu na kilohezi 13. Njuga za mpiga nyatiti zinasikika kama zimefunikwa blanketi.

Simu inayotoa nusu volti itakushinda hata ukifungua hadi mwisho, maana kijisanduku hupunguza tu, hakiongezi. Hapo chukua priampu ya stima, ila washa priampu kwanza, amplifaya mwisho, kuzima, kinyume. Stima ikipotea, zima amplifaya kabla haijarudi, la sivyo spika zitapigwa kishindo.