Kahawa Njema, Bango Lirekebishwe

Mkahawa huu mdogo ulioko Mji wa Kale, Mombasa, unastahili jina lake kuliko mikahawa mingi, kwa maana neno mkahawa limetokana na kahawa, na hapa kahawa hutangulia chakula chochote. Mzee mwenye mkahawa hukaanga buni mwenyewe na kuitwanga kwa kinu, hata harufu hukupokea kabla hujavuka kizingiti. Kahawa chungu yenye tangawizi humiminwa kutoka dele la shaba lililo juu ya makaa, ikaletwa pamoja na tende au kashata za nazi. Mahamri ni ya kawaida tu.

Kilichonisikitisha ni bango la ukutani linalowaeleza wageni kwamba neno kahawa limetokana na Kaffa, jimbo la Ethiopia. Kwamba mti wenyewe ni wa misitu ya Ethiopia hakuna ubishi, lakini Waethiopia huiita kahawa buna, jina lililo jirani na bunn ya Kiarabu, ambayo kwetu imekuwa buni. Neno kahawa limepita njia nyingine. Ni qahwa, ambayo Waarabu waliitumia kwa maana ya mvinyo karne nyingi kabla kinywaji cha buni hakijaenea, na watunga kamusi wao wa kale waliihusisha na kukosa hamu ya chakula, kwa kuwa mvinyo ulidhaniwa kuiondoa. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakinywa maji ya buni ili wakeshe katika dhikiri, na jina lile la zamani likahamia kwenye kinywaji chao. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka, baada ya mabishano makali kuhusu uhalali wake, lakini marufuku hiyo haikudumu.

Bango lingeweza pia kuwaeleza wageni kwa nini wengi wa Tanzania husema mgahawa badala ya mkahawa. Mimi naona g hiyo inafuata gahwa ya Waarabu wa Ghuba, ambao huitamka qaf, herufi ya kwanza ya qahwa, kama g. Nilimweleza mzee haya yote, naye akanisikiliza kwa upole, akaniongezea kikombe na kuniomba nimwandikie maneno sahihi.

Anayetaka kuonja kahawa hii ikiwa bora zaidi afike baada ya sala ya alasiri, wakati buni imetoka tu kukaangwa.