Raba nyeupe, kucha nyeusi

Nianze na kucha, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Kucha ya gumba la mguu wangu wa kulia iligeuka rangi ya biringanya, ikakaa hivyo wiki kadhaa, halafu siku moja nikiwa naoga ikabaki mkononi. Haikuuma hata kidogo. Kilichoniuma ni ile sauti iliyonijia pale pale bafuni: "Kwani anti unaenda Olimpiki?"

Sauti hiyo ni ya kijana mmoja wa duka la viatu Kariakoo. Duka silitaji, na msiniulize pembeni. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, joto lile la Dar la kukausha mate. Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha joging cha mtaani, wale mnaowaona alfajiri ya Jumamosi wanaimba barabarani na fulana za rangi moja, na nilishachoka kukimbia na raba za shule za mdogo wangu. Winga, wale wanaowadakia maduka wateja kwa kamisheni, akanidaka kona, akaniingiza dukani. Nikasema neno moja tu: nataka kiatu cha kukimbilia. Kijana hakuangalia hata miguu yangu. Akashusha raba nyeupe pee, soli nene kama tofali, kamstari ka dhahabu kisiginoni. "Hii anti unakimbia nayo, ofisini unaenda nayo, harusini unaenda nayo."

Hapo ndipo ningeshtuka. Lakini jamani, raba ilikuwa nzuri. Nisiwe mnafiki, nusu ya kosa ni la macho yangu.

Nikaijaribu nimekaa kwenye kistuli, na kale kasoksi ka nailoni kanakopita miguu ya kila mteja. Huwa navaa 39. Mbele, gumba likagusa. Sisemi lilibanwa, liligusa. Kilichobanwa ni kidole cha mwisho, maana mguu wangu ni mpana, wa mtu aliyekulia peku. Ajabu sasa, nyuma kisigino kinacheza, nikiinua mguu kinachomoka. Nikamwambia mbele panabana, nyuma panapwaya, nipe 40 niilinganishe. 40 haikuwepo. "Kitaachia hicho, ngozi hiyo." Na kisigino? "Vaa soksi mbili." Nikamwomba basi nitoke hapo kibarazani nikimbie hatua kumi tu, nikisikie mguuni. Ndipo akawageukia wenzake na ile kauli yake ya Olimpiki. Wakacheka wote. Winga naye akacheka, ambaye mimi ndiye ninayempa kamisheni! Na mimi nikacheka. Nikalipa 85,000. Mpaka leo sijui nilikuwa nacheka nini.

Ngoja niiseme hiyo Olimpiki kidogo. Nchi hii ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5,000. Zote zimeletwa kwa miguu, hakuna iliyoletwa kwa kuogelea. Na mwaka 2025 Alphonce Simbu katuletea dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia kutoka Tokyo, kampita Mjerumani pale pale kwenye mstari, wote wawili wameandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Sasa katika nchi kama hii, mwanamke akitaka kukimbia hatua kumi kibarazani kujaribu kiatu, kinachochekesha ni nini? Nimemaliza. Sijamaliza, ila tuendelee.

Jumamosi yake tukaanzia Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite, tunapita Barack Obama Drive mpaka Feri, kisha kurudi. Kama kilomita kumi hivi. Mwanzo nilipendeza kweli, watu watatu waliniuliza nimenunua wapi. Tulipopanda daraja nikaanza kujisikia mwenyewe: pa, pa, pa. Wenzangu wanapita kama paka, mimi natwanga. Soli haikunjiki. Mguu unataka kupinda pale vidole vinapoanzia, kiatu kinakataa, kinatua chote kwa pamoja kama sinia lililoanguka. Juu ni ngozi isiyopitisha hewa, jasho likatuama, soksi zikalowa, zote mbili mbili nilizoshauriwa. Soksi iliyolowa, kisigino kinachopanda na kushuka, mnajua kinachofuata. Malengelenge. Moja kila mguu, kubwa kama sarafu ya mia mbili. Na mguu ukikimbia unavimba, kwa hiyo kule kugusa kwa dukani kukawa kugonga. Kila hatua gumba linabisha hodi ukutani na hakuna anayefungua.

Feri nikavua. Kuna mtani wangu mmoja kikundini akaja kunifariji eti Abebe Bikila alikimbia marathoni ya Roma mwaka 1960 peku na akashinda. Nikamwambia Bikila hakulipa 85,000 kwanza. Nikapanda bodaboda, raba mkononi.

Kocha wetu ni mzee mstaafu asiyependa maneno. Aliishika raba huku na huku akajaribu kuikunja, ikagoma. Akaibonyeza soli ya kisigino kwa gumba, haikubonyea. "Mwanangu, hiki ni kiatu cha kusimamia." Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba nyingi ya raba hizi za mitindo zilizaliwa michezoni kweli, ila si mchezo wetu. Air Force 1 ya Nike ilitoka mwaka 1982 kwa ajili ya mpira wa kikapu, Converse All Star nayo ni ya kikapu tangu enzi za mababu, Stan Smith ya Adidas ni jina la mcheza tenisi. Mcheza tenisi anakata kushoto na kulia, anataka soli bapa, pana, imara, mguu usipinduke. Mkimbiaji anaenda mbele, hatua ile ile mara elfu kadhaa, anataka kitu chepesi chenye sponji ya kumeza kishindo. Nilizipeleka raba zangu kwa Mangi nikaziweka kwenye mzani wa sukari: jozi inakaribia gramu 800. Mangi akaniuliza kama nauza kwa kilo.

Yangu haikuwa ya kampuni yoyote kati ya hizo. Mtasema ni feki. Huenda. Ila hata orijino, kama ni ya aina ile, kilomita kumi ingeniadhibu vile vile.

Jumatatu nikarudi dukani. Bidhaa ikishauzwa hairudishwi, karatasi imebandikwa ukutani, na siku ya kwanza sikuiona kwa sababu kulikuwa na mkoba umetundikwa juu yake. "Anti hii umeshaichafua." Nikamwonyesha vidonda. Akasikitika, nampa haki yake, alisikitika kama sekunde mbili. Halafu akaniuzia soli ya ndani ya sponji, elfu tano. Nami nikanunua! Nimefika nyumbani nimeitia, mguu umepanda juu, nafasi imepungua, sasa hata mgongo wa mguu unabanwa na kamba. Nimepigwa mara mbili duka moja, wiki moja.

Sasa hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe, mnivumilie. Vidonda vilipopona nikazivaa kazini, kwa hasira tu, ili hela isiende bure. Gongo la Mboto mpaka Posta nimesimama kwenye daladala: miguu imetulia. Kitchen party ya binamu yangu, saa tano niko wima: wala sikusikia kitu. Na baada ya mwezi hivi kile kidole cha mwisho kikapata nafasi. Kikaachia! Kijana hakudanganya. Alichoacha kuniambia ni kwamba kiatu huachia upana, urefu hakiachii, na gumba langu lilikuwa na tatizo la urefu. Kwa hiyo ni raba mbaya? Hapana. Ni raba nzuri sana. Kukimbilia daladala inafaa, kuruka kamba uani inafaa, kilomita moja ya kujifurahisha sikatai. Labda hata mbili kama saizi yako imekaa sawasawa.

Lakini nikifika hapo hasira inapanda tena, kwa sababu mimi sikuomba raba nzuri. Niliomba kiatu cha kukimbilia, nikasikiwa, nikachekwa.

Za kukimbilia nilikuja kuzipata Karume, kwenye mitumba. Kaka mmoja pale, wa makamo, alinivulisha viatu vyote viwili, akanisimamisha kwenye boksi lililokunjuliwa. Akasema nimekuja saa nzuri, jioni mguu umeshafika saizi yake ya kweli. Akanipa 40, akasogeza kidole chake mbele ya gumba langu, akatikisa kichwa, akatafuta 40 na nusu. "Namba zisikusumbue dada, kila kampuni na namba zake, angalia sentimita hapa kwenye ulimi." Akapitisha kamba kwenye yale matundu ya juu kabisa ambayo wengi tunayaacha, kisigino kikatulia tuli. Kisha akaninyooshea nguzo ya umeme: "Kimbia mpaka pale urudi." Hakucheka. Hakuna aliyecheka. 30,000.

Ni mbaya kwa sura, Mungu anisamehe. Kijani cha mwani na chungwa, utadhani kava la godoro la hosteli. Na mtumba una hatari yake, sponji inaweza kuwa imeshakufa na kwa nje huioni. Mimi naona hizi zina miezi michache tu. Lakini nimeenda nazo Feri na kurudi, Jumamosi baada ya Jumamosi, na vidole vyote kumi vipo.

Nyota? Nilipoanza kuandika nilikuwa natoa moja. Raba naipa tatu, siku ya harusi nne. Duka sitoi kitu. Mdogo wangu aliziazima hizo nyeupe tangu kabla ya mfungo na hazijarudi, nami sijazidai.

Kucha imeanza kuota, nyembamba, imepinda kidogo. Wiki hii nimepita Kariakoo na zile za kijani. Kijana alikuwa mlangoni, na safari hii akaangalia miguu yangu. "Anti, hizo umetoa wapi?" Nilikuwa na jibu zuri sana la kumpa, nililiandaa miezi, ila daladala ya Gongo la Mboto ilikuwa inaondoka, nikaikimbilia.