Uzoefu wangu: kikundi cha stadi za DBT hapa Nairobi

Kama unatafuta mahali pa kukaa na wenzako na kulia pamoja, kikundi hiki hakikufai. Hili ni darasa la DBT (Dialectical Behavior Therapy), tiba ya kisaikolojia inayofundisha stadi za kukabili hisia kali. Unapewa faili la makaratasi, unafundishwa stadi moja au mbili, unaondoka na kazi ya nyumbani, na wiki inayofuata unaulizwa umefanya nini. Nimemaliza mzunguko mzima na ningelipa tena bila kusita. Ila nimeona watu wakiingia bila kujua wanaingia wapi, kisha wakaacha mapema wakiwa na uchungu kwamba hawakusikilizwa. Ndiyo maana naandika.

DBT ilibuniwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, kwa ajili ya watu waliokuwa wakijidhuru na kutaka kujiua mara kwa mara. Vitabu vyake vya kuwaongoza matabibu vilitoka 1993. Mwaka 2011 akasema hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa msichana wa miaka 17. Mwalimu wetu alitueleza hayo siku ya kwanza, na mimi yalinipa imani: aliyetunga haya aliyapitia. Siku hizi stadi zake hufundishwa pia kwa watu ambao hawako kwenye hatari hiyo lakini hisia zikiwapanda hawalali wala hawali. Mimi kilichonipeleka ni hasira iliyonikaa kifuani tangu tumzike mama, na mvutano wetu ndugu juu ya shamba lake la Kilifi.

Walimu ni wawili. Mmoja anafundisha, mwingine macho yake yako kwa watu: nani ametoka chumbani, nani machozi yanamlengalenga. Kikao huchukua saa mbili na nusu, na chai katikati. Ya humo hayatoki nje. Habari za kujidhuru hazisimuliwi mbele ya kikundi, kwa sababu zinaweza kumtonesha mwenzako kidonda. Hizo unazungumza na mshauri wako faraghani. Ukikosa wiki nne mfululizo, umetoka. Kila siku nyumbani unajaza kadi: huzuni ngapi, hasira ngapi, kuanzia 0 hadi 5, na stadi gani umeitumia. Kadi inachosha, lakini ndiyo iliyonionyesha kwamba hasira yangu hupanda jioni, baada ya kusoma ujumbe wa familia kwenye simu, na siku ambazo sijala mchana hupanda zaidi.

Sehemu ni nne: kutuliza akili ibaki kwenye jambo lililopo, kuhimili dhiki, kudhibiti hisia, na kuhusiana na watu. Ya kwanza sikuionja sana. Kuhimili dhiki ndiyo iliyonishika mapema. Walileta beseni la maji baridi, na aliyetaka akainama, akazuia pumzi, akatumbukiza uso kwa kama nusu dakika. Mwili ukihisi baridi usoni huku pumzi imezuiwa, hufanya kama unavyofanya ukipiga mbizi: mapigo ya moyo hupungua. Niliinuka maji yakinichuruzika shingoni, na moyo uliokuwa ukidunda umetulia. Mvutano wa shamba haukupungua hata hatua moja, lakini nilipata dakika chache za kufikiri, na wakati mwingine hicho ndicho unachohitaji kabla hujajibu ujumbe. Mwalimu alisisitiza, nami nasisitiza: mwenye ugonjwa wa moyo, au anayemeza dawa za kupunguza mapigo, asijaribu bila kumuuliza daktari. Yeye atumie ile ya kupumua, kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa sita au nane.

Lakini thamani ya kikundi niliiona kwenye sehemu ya mwisho. Maji baridi unaweza kuyajaribu peke yako bafuni. Ndugu yako huwezi kumjaribu peke yako.

Tulifundishwa namna ya kuomba jambo gumu: eleza hali ilivyo bila kuongeza chumvi, sema inavyokugusa, omba waziwazi, mwonyeshe mwenzako atafaidikaje; akikuchokoza rudi kwenye ombi lako, simama imara, na uwe tayari kupunguza. Kisha tukaigiza. Mzee mmoja wa kikundi, ambaye ameniridhia nisimulie, akawa kaka yangu. Nikaanza: "Kaka, shamba la mama limeshapimwa na sisi tumesikia kwa majirani. Limeniuma. Naomba lisiuzwe hata kipande mpaka tukae sote. Tukikaa, hakuna atakayesema umetuficha." Mzee akanitazama akasema: "Wewe ulikuwa wapi mama alipokuwa akiumwa?"

Nilihisi masikio yakipata moto. Nikaanza kueleza kazi, nauli, likizo. Mwalimu akainua mkono: "Hilo lina siku yake. Rudi kwenye ombi." Tukarudia, mzee akizidi kukaza, mpaka nikaweza kusema, "Hilo tutalizungumza, kaka. Leo naomba lisiuzwe," bila sauti kupanda wala kutetemeka.

Nilipompigia kaka mwenyewe, swali lilikuwa lilelile, karibu neno kwa neno. Nilijua pa kurudi. Amekubali kikao cha ukoo. Shamba bado halijagawanywa, na sijui litaishia vipi, lakini simu ile ilikwisha tukiwa tunaagana vizuri, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu matanga.

Kasoro zipo. Makaratasi yote ni ya Kiingereza, na yule mzee alikuwa akisubiri jirani yake amweleze. Kwa darasa linalofanyika Nairobi, hilo si haki. Ada ni shilingi 2,000 kwa kikao, na ukihesabu wiki 24 za mtaala ni 48,000, ambazo bima yangu haikugusa. Vikao vya jioni vinakutoa usiku, na wakaao mbali wanahangaika na matatu.

Jambo zito zaidi ni hili: DBT kamili ina nguzo nyingine pia, yaani mshauri wako wa ana kwa ana, msaada wa simu hali inapochafuka, na timu ya matabibu wanaoshauriana. Tulichopata sisi ni stadi tu. Kwangu zilitosha. Kwa mtu anayejidhuru au anayewaza kujiua hazitoshi hata kidogo, naye anahitaji mtu wa kumwona peke yake tangu mwanzo. Kwa hiyo kabla hujalipa, waulize wazi: nikizidiwa usiku wa manane, ninampigia nani? Wakibabaika kujibu, tafuta kikundi kingine.