Tablete mupya ao simu ya okazi?

Ukifika Birere, hapa Goma, na makuta ya kununua kitu kimoja tu, utachagua nini: tablete mupya ya bei ya chini ao simu ya okazi, yenye mutu mwingine alishatumia? Miye niko upande wa okazi.

Tablete inafurahisha macho, ekra kubwa, watoto wanaangalia katuni, sawa, lakini RAM, ile memwari ya kufanyia kazi, ni 2 GB, sistemu ni Android Go, ile nyepesi ya mashini za nguvu kidogo, ukifungua WhatsApp na Facebook pamoja inaanza kuwaza kwanza, na zile 16 GB za kuwekea vitu, sistemu yenyewe inakula sehemu kubwa, zenye zinabakia zinamalizwa na video za grupu ya kanisa. Unafuta kashe, zile fishie aplikasyo zinajiwekea, inapumua kidogo, kesho ni vilevile.

Okazi ya RAM 4 GB inakimbia kabisa. Tatizo ni batri, inaonyesha 30% halafu pu, imezima, na huku umeme unakatikaka ovyo. Lakini batri inabadilishwa. Konti ya Google ya mwenyewe wa zamani ndiyo hatari, juu simu inaweza kukufungia inje: mbele ya kulipa, muuzaji atoe konti, afanye reseti, ni kusema afute vyote, ukiangalia, muiwashe mupaka mwisho. Ikiomba imeli ya mutu usiyemujua, umurudishie simu yake.