NVDA kwa mwanafunzi wangu asiyeona: miezi minane Tukuyu

Nafundisha sekondari hapa Tukuyu, na kidato cha pili nina kijana asiyeona kabisa. Mwaka jana wote nilikuwa nabaki naye baada ya vipindi nikimsomea notisi, yeye akizigonga kwenye mashine ya nukta nundu. Nikiwa na kikao, siku hiyo hana notisi. Januari nikamwekea NVDA kwenye kompyuta mpakato ya zamani.

Ni programu ya Windows inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, baadaye akaungana na James Teh, na wote wawili hawaoni. Ni bure kabisa. Huhitaji mausi: Insert na mshale wa chini inasoma, Control inanyamaza. Kijana alizishika funguo hizo kwa wiki moja. Mimi bado nababaika.

Kilichotusumbua ni lugha. Sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo sauti tuliiacha ya Kiingereza. Siku ya kwanza ya somo la Kiswahili ikasoma "ngeli za nomino" kama mtalii aliyeshuka jana uwanja wa ndege wa Songwe. Darasa lilicheka, kijana naye akacheka, lakini hakuambulia kitu. Sauti ya Kiswahili imo humohumo ndani, ila haibadiliki yenyewe kama waraka haujaonyesha lugha yake. Tukaishia kutengeneza profaili mbili, yaani mipangilio miwili ya sauti, kila moja na funguo zake, anahama mwenyewe. Sauti yenyewe ni ya roboti mwenye mafua. Mimi inanichosha, yeye anaikimbiza kasi ambayo sishiki hata neno.

Halafu picha. Mitihani ya zamani tunayorushiana walimu kwenye WhatsApp ni picha za simu, na NVDA ikikuta picha haina maandishi ya kusoma. Kwenye Windows 10 kuna Insert na R ya kutambua maandishi, ila karatasi ikipigwa upande, inatoa takataka. Michoro ya baiolojia ndiyo kabisa. Hapo siilaumu programu. Sasa nachapa maswali mwenyewe, na mchoro nauchora kwa uzi na gundi kwenye kadibodi.

Mvua ya huku mnaijua. Ikipiga bati husikii hata kengele, kwa hiyo hedifoni ni lazima. Nikitaka kujua amefika wapi nafungua kidirisha cha NVDA kinachoandika kila inachotamka, nafuata kwa macho.

Likizo ya Juni nilimpa nakala kwenye flashi, maana inafanya kazi hata bila kusakinishwa. Alipoipeleka steshenari ya kijijini kwao, mwenye duka akagoma, akidai ina virusi. Kijana akaomba dakika mbili tu, akafungua barua ya mteja iliyokuwa kwenye kompyuta, ikaanza kusomwa kwa sauti dukani. Mwenye duka akamwambia ainyamazishe haraka, ile ni barua ya mahari.